Bomba Lililofungwa Halivuji

Wanaosema nchi ya Chururu haikuwa na serikali wanaikosea adabu. Ilikuwa nayo, tena nyingi. Mimi nilizaliwa huko, nikakulia huko, na mpaka leo nikisikia wimbo wa taifa husimama wima hata kama nimo bafuni na sabuni machoni. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia nayasimulia kwa mapenzi, na yeyote atakayedhani kuna mahali nimewasema wakubwa vibaya, basi amedhani yeye. Mimi sikudhani.

Mwaka huo ulikuwa umetangazwa kuwa Mwaka wa Tone. Uliotangulia ulikuwa Mwaka wa Nidhamu ya Kuku, nao ulifana sana, isipokuwa kwa kuku. Sasa Mheshimiwa Machano Kibindo, Waziri wa Maji, Mvua na Unyevunyevu Mwinginewo, aliapa mbele ya umma kwamba hakuna tone litakalopotea bila ya idhini yake. Tukapiga makofi. Tulikuwa na kiu, lakini tukapiga.

Wizarani kwake kulikuwa na Idara ya Kaulimbiu, na katika idara hiyo alikuwamo jirani yangu, Kitwana Shebe. Nyumba zetu zilishikana ukuta, kwa hiyo mengi nitakayoyaeleza niliyasikia bila ya kutega sikio, au kwa kulitega kidogo tu.

Kitwana alikuwa mwembamba, mwepesi, mtu ambaye hata akikaa kitako goti lake moja lilikuwa likitembea. Kazi yake ilikuwa kutunga maneno ya kubandikwa kwenye kuta: "Tone lako ni tone letu." "Ukimwaga, umetumwaga." Wenzake waliyatunga wakayasahau. Yeye aliyaamini. Akipiga mswaki alifunga bomba, akalifungua kusukutua, akalifunga tena. Alioga kwa kopo moja na nusu. Maji ya kuoshea mchele aliyapeleka kwenye mchicha, ya kufulia akayamwagia chooni, na kila jioni aliizunguka nyumba akitega sikio kwenye kila koki kama daktari kwenye kifua cha mgonjwa. Mpira wa koki ukichakaa alijua kabla haujaanza kudondosha.

Mkewe, Siwema, alikuwa muuguzi mkunga katika zahanati ya mtaa wetu, hatua chache kutoka kwao. Mikono yake ilikuwa mitulivu kuliko ulimi wake. Binti yao, Tatu, alikuwa ameolewa mbali, hivyo wao wawili waliitana Baba Tatu na Mama Tatu katika nyumba isiyokuwa na Tatu.

Sasa lazima nieleze sheria, maana bila ya sheria utadhani watu wa Chururu walikuwa wajinga. Sheria ya kwanza ilisema kwamba mtu ambaye kwake maji yanavuja ni mhujumu wa taifa. Sheria ya pili ilisema kwamba mtu anayegusa bomba kwa spana bila ya kibali ni mhujumu wa taifa, kwa kuwa mabomba yote ni mali ya serikali. Ukivujisha, una kosa. Ukiziba, una kosa. Kilichoruhusiwa ni kutovuja tangu mwanzo.

Na mafundi? Mafundi bomba wote walikuwa wamepandishwa vyeo wakawa Washauri wa Mabomba. Walipewa tai na viti vya kuzunguka. Spana zao zilikusanywa, zikayeyushwa, zikatengenezwa sanamu ya tone kubwa mbele ya wizara. Ilikuwa sanamu nzuri mno. Iliota kutu mapema.

*

Asubuhi moja nilisikia Siwema akipiga ukelele, na mara Kitwana akikimbia.

"Umemwaga nini hapa?" akauliza Siwema.

"Mimi? Mimi nimwage?"

"Basi sakafu inatoka jasho. Njoo ukanyage."

Kitwana akakanyaga. Katikati ya jiko, chini ya saruji, maji yalikuwa yakipenya kwenye ufa mwembamba. Hakupoteza muda. Alikimbilia koki kuu ya nyumba, ile ya nje karibu na mchicha, akaifunga mpaka mwisho. Kisha akafungua bomba la jikoni: kavu. La bafuni: kavu. Wakarudi wakasimama juu ya ule ufa. Maji yaliendelea kupanda, polepole, kama kwamba hayakusikia habari.

"Bomba letu ni zima," akasema Kitwana, na sauti yake ikapanda kwa furaha. "Mama Tatu, hatuvuji sisi!"

"Basi haya maji ni ya nani?"

Hilo, nchini kwetu, halikuwa swali la kuulizwa madirisha yakiwa wazi. Niliwasikia wakiyafunga.

Walimwita Pandu. Pandu aliwahi kuwa fundi hodari kabla ya kuharibiwa na cheo. Alikuja na tai yake, akauchungulia ule ufa kwa mbali, mikono nyuma.

"Natambua kuwapo kwa unyevunyevu," akasema.

"Pandu, tumekua pamoja," akasema Siwema. "Sema kama mtu."

Pandu akatazama mlangoni, akatazama dirishani, akainama. "Chini ya jiko lenu linapita bomba kubwa. Nililitandika mimi mwenyewe, kabla nyumba hii haijajengwa. Linatoka kwenye chanzo moja kwa moja mpaka kule juu Kilimabaridi, kwa Mheshimiwa. Bustani, bwawa la kuogelea, na ile chemchemi yenye sanamu za samaki."

"Tukaripoti?" akauliza Kitwana.

"Utaripoti nini? Bomba hilo halimo kwenye ramani. Ukisema linavuja, umesema lipo. Ukisema lipo, umesema Mheshimiwa anachota peke yake. Ukisema hivyo..." Pandu akailegeza tai yake. "Ushauri wangu wa kitaalamu ni kwamba mtandike mkeka."

Wakatandika mkeka. Mkeka ukalowa. Wakatandika mwingine. Kitwana alianza kuamka kabla ya jogoo, akikausha kwa matambara, akikamua kwenye ndoo, akimwagilia mchicha ambao sasa ulikuwa umefika madirishani. Kazini alikwenda macho mekundu, akakaa kutunga kaulimbiu.

*

Ndipo ikafika sherehe kuu ya Mwaka wa Tone, na Kitwana akaagizwa atoe neno jipya, fupi, la kukata. Maskini, kichwa chake kilikuwa na jambo moja tu. Akaandika alichokuwa akikitamani: *Bomba lililofungwa halivuji.* Alikuwa akikusudia kuwakumbusha watu wafunge koki zao vizuri baada ya kutumia. Jambo jema. Mama yangu alikuwa akinifundisha hilohilo kwa kofi.

Mheshimiwa Kibindo aliyasoma maneno hayo uwanjani, mbele ya umati, na katikati ya kuyasoma akanyamaza. Tuliokuwapo tulimwona akifikiri. Lilikuwa tukio la nadra, na wapiga picha walikimbilia mbele.

"Ndugu wananchi," akasema, na sauti yake ikatetemeka. "Rudieni nami. Bomba lililofungwa..."

"Halivuji!"

"Je, bomba lililofungwa linapoteza maji?"

"Halipotezi!"

"Je, kuna mhujumu anayeweza kuhujumu maji yasiyokuwapo?"

Hapo tulisita kidogo, lakini tukajibu, "Hakunaaa!"

"Basi kwa mamlaka niliyopewa, ninaamuru mabomba ya mitaa yote ya mji huu yafungwe kutoka kwenye chanzo, sasa hivi. Kuanzia saa hii, upotevu wa maji nchini Chururu ni sifuri! Mataifa yaliyoendelea yamehangaika na jambo hili miaka na miaka. Sisi tumelimaliza kabla ya chakula cha mchana!"

Bendi ikapiga. Niligeuka kumtazama Kitwana. Alikuwa amesimama jukwaani nyuma ya Mheshimiwa, midomo ikichezacheza, kama mtu aliyerusha jiwe kufukuza kunguru likampata mpita njia.

Tulipofika nyumbani mabomba yalikohoa, yakatoa pumzi, yakanyamaza.

*

Siku za mwanzo tulivumilia kwa uzalendo. Baadaye tulivumilia kwa sababu hatukuwa na njia nyingine. Redio ilitangaza kwamba tulikuwa tumeokoa maji mengi kiasi kwamba wataalamu hawakujua yawekwe wapi. Wanawake walikuwa wakiondoka na ndoo alfajiri kwenda mtoni, ambako kulikuwa na tope na ng'ombe, na ng'ombe walikuwa wamewahi.

Siwema alirudi kutoka zahanati siku moja, mchana, hakuvua hata viatu. Kitwana alikuwa jikoni, kama kawaida, akiikamua mikeka.

"Mtoto amezaliwa," akasema Siwema.

"Alhamdulillahi."

"Nimemfuta kwa kitambaa kikavu. Mama yake vilevile. Mikono yangu nimeinawa kwa chai baridi ya mlinzi, Baba Tatu. Kwa chai! Na wewe hapa unakamua maji kwenye mikeka, unayamwagia mchicha."

"Nitatunga maneno mengine. Nitamwandikia Mheshimiwa jambo la kumfanya afikirie upya."

"Kaulimbiu haioshi mtoto."

 Mara nikasikia kitu kizito kikiburutwa, halafu: kishindo. Cha pili kilitikisa picha ukutani kwangu. Siwema alikuwa ameuchukua mtaimbo na kuivunja saruji ya jiko lake. Nilipochungulia mlangoni, si kwa udaku bali kwa ujirani mwema, niliwaona wote wawili wamelowa mpaka kifuani, na kati yao, kutoka kwenye shimo, maji safi yakibubujika kama yamefunguliwa kutoka gerezani.

"Umetuona," akasema Kitwana, uso mweupe.

"Sijaona kitu," nikasema. "Ila ngojeni nikalete ndoo."

Zahanati ilipata maji ya kwanza siku hiyo. Halafu mimi. Halafu wa upande wa pili. Habari ya maji haina miguu lakini hufika. Tatizo likawa namna ya kuingia: serikali ilikuwa imeunda kikosi cha Wapima Matone, vijana wa makoti ya buluu waliozunguka mitaani wakigusa nguo zilizoanikwa kuona kama zimelowa. Mtu mwenye ndoo alisimamishwa. Mtu mwenye sufuria iliyofunikwa kanga hakusimamishwa, maana huyo anapeleka chakula msibani.

Basi pakawa na msiba. Kitwana alifiwa na shangazi yake, Bi Hidaya, aliyekuwa kijijini, ambaye hakuwahi kuzaliwa. Watu walimiminika kutoa pole. Waliingia na masufuria yaliyofunikwa, wakatoka na masufuria yaliyofunikwa, wakitembea wima, taratibu, huku wakijifuta machozi. Sijapata kuona msiba unaohudhuriwa vile.

Siku zikapita. Mkuu wa Wapima Matone akaja mwenyewe, akavua kofia, akampa Kitwana mkono wa pole.

"Matanga haya marefu," akasema.

"Marehemu alikuwa na watu wengi," akajibu Siwema.

"Na kwa nini wafiwa wanatoka wamelowa miguu?"

"Afande, machozi."

Yule mkuu akatikisa kichwa kwa huzuni. "Angalieni tu yasipotee ovyo," akasema, akaenda zake.

Kitwana hakuwa akilala tena. Kila mlango ulipogongwa aliruka. Alizoea kukaa barazani na kuinuka, kukaa na kuinuka, mpaka mkeka wake wa barazani ukatoboka mahali pamoja. Mtu aliyeishi akilinda tone sasa alikuwa na mto jikoni, na zaidi ya nusu ya mto ule ulikuwa ukizama ardhini bila ya kumfaa mtu. Hilo ndilo lililomuuma kuliko hofu. Nilimsikia akimwambia mkewe, karibu kulia, "Wakinifunga watakuwa na haki, Mama Tatu. Tazama yanavyopotea!"

*

Kule Kilimabaridi chemchemi ya samaki ikaanza kulegea. Maji yaliyokuwa yakiruka juu ya paa yakaruka kimo cha mbuzi, kisha kimo cha kuku. Mheshimiwa Kibindo akaunda Tume ya Kumsaka Mhujumu, na akaona mwenyekiti wake awe mtumishi mwaminifu kuliko wote wizarani. Nani mwingine?

Kitwana alirudi nyumbani na gari la tume, bendera mbele. Aliingia ndani akafunga mlango, akaegemea.

"Wamenipa kazi ya kujitafuta," akasema.

Alijitafuta kwa bidii. Alizunguka mji mzima na wajumbe wake, wakilaza masikio kwenye ardhi ya viwanja, sokoni, makaburini. Pandu alikuwa mjumbe mtaalamu. Alitoa ushauri, wengine wakiuandika. Kila walipoukaribia mtaa wetu Kitwana alikuwa akikumbuka mtaa mwingine wenye kutiliwa shaka zaidi. Alikonda mpaka mkanda wake ukamzunguka mara mbili.

Na chini ya nyumba yake ardhi ilikuwa ikiliwa. Ufa ulipanda kutoka jikoni, ukapita ukutani, ukaja kwangu ukanisalimia kitandani. Siku moja, mchana kweupe, pembe ya jiko ilididimia na jiko la mkaa likatumbukia pamoja na maharagwe.

Siwema alimkuta mumewe na Pandu wamesimama ukingoni, wametoa macho, nami mlangoni nikichungulia.

"Sasa mnafanya nini?"

"Tume inatafakari," akasema Pandu.

"Nyumba inaanguka. Ikianguka na watu ndani, msiba utakuwa wa kweli. Pandu, unaweza kuliziba au huwezi?"

"Kuliziba ni kazi ya saa moja. Lakini nikiliziba, zahanati inakauka. Na wewe ndiye utakayenilaumu."

 Maji yakaendelea kuzungumza peke yake. Kitwana alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya bomba lile, mahali lilipopasuka. Alikaa hivyo kwa muda. Goti lake, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, lilikuwa limetulia.

"Halihitaji kuzibwa," akasema. "Linahitaji koki."

"Koki?"

"Bana pale lilipopasuka, toa bomba dogo juu, funga koki. Anayehitaji ndoo achote ndoo, afunge. Lisipotee hata tone. Kwani siku zote tulikuwa tukisema nini?"

Pandu alimtazama. Kisha, polepole, akaivua tai yake, akaikunja, akaiweka juu ya kabati. Akatoka. Aliporudi alikuwa amekumbatia mfuko wa gunia, na ndani ya mfuko mlikuwa na spana nzee, ndefu, iliyopakwa mafuta ikang'aa.

"Si walizikusanya zote?" nikauliza.

"Ile niliyoitoa ilikuwa ya mkwe wangu," akasema Pandu. "Naye alikuwa akiitumia kuvunjia nazi."

Kulikuwa na shida moja: makelele. Wapima Matone walikuwa wakipita nje. Siwema akatoka uani, akawakusanya wanawake waliokuja na masufuria, akawaomba walie. Walilia, jamani! Kila Pandu alipogonga, waliongeza. "Bi Hidaya weee! Umetuachia nani?" Vijana wa makoti ya buluu walisimama nje wakainamisha vichwa. Mmoja alijifuta macho. Ndani, Pandu alikuwa amezama mpaka kiunoni, anakaza kibanio chenye mpira, anatukana kwa furaha maneno ambayo washauri hawaruhusiwi kuyajua. Mara ya kwanza mpira ulikaa upande, maji yakamrushia Kitwana kofia mpaka darini. Mara ya pili ukakaa.

Pandu akazungusha koki. Kimya. Akafungua: ndoo ikajaa. Akafunga: kimya tena, hakuna hata tone la kusindikiza.

Kitwana alilia kuliko wafiwa wote.

*

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa utaratibu. Foleni ikawa inapita mlango wa mbele na kutokea mlango wa nyuma. Shimo lilifukiwa, pembe ikajengwa upya. Siwema aliwasimamia watu kama anavyowasimamia wazazi leba: wajawazito mbele, wenye maneno mengi nyuma. Zahanati ikanuka sabuni. Mitaa ya jirani ikaanza kumlilia Bi Hidaya.

Ila huko juu, Kilimabaridi, sasa palikuwa hapafiki kitu kabisa, maana foleni ilichota mchana na usiku.

Mheshimiwa akadai ripoti. Kitwana, ambaye hakuwahi kuiongopea serikali yake, alisimama mbele yake akasema, "Mheshimiwa, nimeukagua mji wote. Nathibitisha kuwa hakuna bomba linalovuja." Na ilikuwa kweli tupu.

Mheshimiwa alifurahi mno. Hakuwa na maji, lakini alikuwa na ushindi. Akaamua aje mwenyewe mtaani kwetu kumvisha Kitwana nishani ya Mlinzi Mkuu wa Tone, na iwe sikukuu, na watu wote watoke majumbani. Tukatoka wote, tukafunga milango, tukaenda kwenye kiwanja cha zahanati. Kulikuwa na jukwaa, bendi, na waandishi.

Hotuba ilikuwa ndefu. Mheshimiwa aliieleza historia ya maji tangu yalipogunduliwa. Midomo yake ilikuwa mikavu mpaka maneno mengine yalikwama, msaidizi wake akawa anayamalizia. Hatimaye alimwita Kitwana, akamvisha nishani, akampa kipaza sauti.

"Wape neno," akasema. "Fupi. La kukata."

Kitwana alikishika kile kipaza sauti kwa mikono miwili. Alitutazama. Alimtafuta Siwema, akamwona mlangoni pa zahanati na koti lake jeupe, amebeba mtoto wa mtu.

"Sina neno," akasema Kitwana. "Nina maji. Yako jikoni kwangu, yanatoka kwenye bomba linalokwenda kwako, Mheshimiwa. Nimelitia koki. Hapa hakuna aliyefiwa. Sisi tuna kiu tu."

Sijui kama mmewahi kusikia umati mzima ukimeza mate.  Mheshimiwa Kibindo akainua kidole, na Wapima Matone wakaanza kupanda jukwaani kutoka pande zote.

"Mkamateni!"

"Machano."

Sauti hiyo ilitoka kwetu, katikati ya umati. Mwanamke mmoja mnene alikuwa akijipenyeza mbele, amejitanda kanga usoni, ndoo mkononi. Alipofika chini ya jukwaa aliishusha kanga. Wapima Matone wakapiga saluti bila ya kutaka. Alikuwa Bi Raya, mke wa Mheshimiwa.

"Ukimkamata huyu," akasema, "leo utaoga nini?"

"Raya! Unafanya nini hapa?"

"Ninachofanya kila siku tangu kwetu kukauke. Napanga foleni. Chai uliyokunywa asubuhi, nani aliileta? Uliuliza? Bwawa lako lina vyura, chemchemi yako wanalala paka, na mimi nachota maji kwa bwana huyu kwa jina la mpishi wetu, nimwombolezee mtu nisiyemjua! Tena jana nililia kweli." Akaiweka ndoo chini kwa kishindo. "Sikubebi tena, Machano. Toa simu. Fungua maji ya watu."

"Hii ni sera ya taifa, mke wangu."

"Basi taifa lako likupikie."

Waandishi wote walikuwa wameinua kamera. Mheshimiwa aliwatazama, akamtazama mkewe, akaitazama ndoo. Kisha akajikohoza, akanyoosha koti, na kwa sauti ya mtu aliyepanga jambo tangu zamani akatangaza kwamba awamu ya kwanza ya Mwaka wa Tone imefana kupita matarajio, na kwamba sasa yeye binafsi anazindua awamu ya pili, ya kufungua. Akapiga simu kwenye chanzo, palepale, mbele yetu.

Tulishangilia mpaka ndege wakahama. Bendi ilipiga wimbo wa taifa mara mbili, ya pili kwa kasi. Kitwana alikuwa amenyanyuliwa mabegani, nishani inampiga puani. Hapo ndipo nilipomwona Siwema akipunga mkono, akijaribu kusema kitu, hasikiki. Akampa mama mtoto wake, akapanda jukwaani, akachukua kipaza sauti.

"Jamani! Nani aliyefunga koki yake kabla ya kutoka nyumbani?"

Makelele yakakatika.

Tangu mabomba yalipokauka kila mmoja wetu alikuwa akizungusha koki asubuhi na jioni kujaribu bahati. Ikitoka hewa, mtu anasonya, anaondoka zake. Nani anafunga hewa? Na sasa nyumba zote zilikuwa na makufuli milangoni, na maji yalikuwa njiani.

"Nishusheni!" akapiga kelele Kitwana. "Nishusheni! Koki!"

Walimwachia, akaanguka, akainuka akikimbia. Sote tukakimbia. Bendi ilikimbia na ngoma zake. Pandu alikimbia na spana yake mkononi, hadharani, na hakuna aliyemuuliza kibali. Vijana wa makoti ya buluu walikimbia pia, maana nao wana makwao. Tulipoingia mtaani maji yalikuwa yakitoka chini ya milango, yakibeba viatu, vijiko, na kuku mmoja aliyesimama juu ya sinia. Tuligawana bila ya kupangwa: huyu anavunja kufuli, yule anafunga koki, mwingine anakinga kwenye kila chombo kisicho na tundu. Nilimpita Kitwana mlangoni mwa mtu asiyemjua, amepiga magoti, anakaza koki kwa meno na kanga. Ndoo za maji tuliyoyakinga siku ile zilipangwa barabarani kutoka zahanati mpaka sokoni, na hakuna aliyeiba hata moja.

Kitwana hawakumfunga. Walimhamishia Wizara ya Upepo, akatunge kaulimbiu za upepo, hakwenda. Anazunguka na Pandu majumbani, wanabadilisha mipira ya koki. Sheria zote mbili zipo bado, wala hakuna aliyezifuta. Mtu anaziheshimu tu, kama anavyoheshimu mzee aliyelala.

Ila kuna jambo moja sikulishuhudia mwenyewe. Nilielezwa na dereva wa Mheshimiwa. Anasema kiwanja kilipobaki kitupu, Bi Raya naye alikuwa amekimbia na ndoo yake kwenda kusaidia. Mheshimiwa Kibindo alibaki jukwaani peke yake, kipaza sauti mkononi, akisikia milango ikivunjwa na watu wakiitana.

"Wanakimbilia wapi?" akauliza.

"Kufunga mabomba, Mheshimiwa."

"Nani amewaamuru?"

Dereva alifikiri sana, asije akamtia mtu matatani.

"Hakuna, Mheshimiwa."

Anasema Mheshimiwa aliketi chini, palepale kwenye mbao za jukwaa, na kwa sauti ndogo akamwomba amrudishe nyumbani kwa njia isiyopita kwa watu.